Macho ya Watu na Sahani ya Chakula

*Hofu ya kutazamwa na matatizo ya ulaji mara nyingi humkaa mtu mmoja, na hofu ndiyo hutangulia. Anayetibu ulaji akaiacha hofu hajamaliza kazi.*

Mwaka 1987 daktari wa akili wa New York aitwaye Michael Liebowitz alichapisha dodoso la kupima hofu ya kijamii, yaani ile hofu kali ya kutazamwa na kuhukumiwa inayomfanya mtu akwepe maisha ya kawaida. Dodoso hilo lina hali 24. Kwa kila hali mgonjwa huulizwa mambo mawili: unaiogopa kiasi gani, na unaikwepa mara ngapi. Kuhutubia hadhara kumo. Kuongea na wenye mamlaka kumo. Lakini kabla ya hayo, katika nafasi ya tatu, ipo hali ambayo wengi wetu tusingeitaja kabisa: kula mbele za watu. Ya nne ni kunywa pamoja na watu.

Aliyezoea kula bila kuwaza atashangaa. Lakini hebu tazama kula kunavyokwenda. Mkono unanyanyuka, mdomo unafunguka, taya zinatafuna, koo linameza, na yote haya yanafanyika wenzako wakiwa wamekukabili. Macho hayana pazia. Kwa mwenye hofu hiyo, kila hatua ni nafasi ya kuumbuka. Mkono ukitetemeka wataona. Mchuzi ukidondoka kifuani watacheka. Akimega tonge kubwa ni mroho, akimega dogo anaringa.

Ninaandika makala haya kwa sababu matatizo ya ulaji bado yanazungumzwa kwetu kama ugonjwa wa urembo. Kujinyima chakula hadi kudhoofika (anoreksia), kula kwa pupa kisha kujitapisha (bulimia), kula kupita kiasi kwa siri: yote tunayapeleka kwenye kapu moja la wasichana wanaotaka kufanana na warembo wa mtandaoni. Ukiwasikiliza wagonjwa na kusoma walichokikuta watafiti, mara nyingi utakuta chini yake jambo la zamani zaidi. Utakuta mtoto aliyeanza kuogopa hukumu za watu miaka mingi kabla hajaanza kuogopa chakula.

"Nimeshiba, shangazi"

Tumchukue binti wa miaka 17 mwenye hofu ya namna hiyo, siku ya harusi ya binamu yake. Huyu si mtu mmoja ninayemfahamu. Ni mfano uliokusanya mambo ambayo wataalamu hukutana nayo mara kwa mara.

Sinia la pilau limetua mkekani, kachumbari pembeni, ndizi mbivu juu yake. Wanawake sita wamelizunguka. Binti amekunja miguu, kanga imefunika magoti, mkono wa kulia umeshanawa. Anachukua punje chache za wali, anazizungusha vidoleni. Akili yake haipo kwenye pilau, ipo kwa watu: nani anamtazama, nani amenyamaza ghafla. Moyo unamwenda mbio, koo limekauka, na zile punje chache hazitaki kushuka.

"We mwanangu, mbona unadonoadonoa tu?" shangazi yake anauliza kwa sauti ya furaha, kwa mapenzi kabisa. "Kula bwana! Ulivyokonda hivyo nani atakuoa?"

Mkeka mzima unacheka. Binti naye anacheka. "Nimeshiba, shangazi. Nilikula nyumbani."

Nyumbani hakula kitu. Ananawa mkono, anasogea nyuma, anashika simu, na moyo unaanza kutulia. Utulivu huo ndio wa kuangaliwa kwa makini, maana ndani yake kuna somo ambalo ubongo umelipokea bila kufundishwa: ukiacha chakula, hofu inaisha.

Mwaka 1995 wanasaikolojia wawili wa Uingereza, David Clark na Adrian Wells, walieleza kwa nini hofu ya kijamii haifi yenyewe hata kama mtu kila siku anakutana na watu wasiomdhuru. Walisema mwenye hofu hutumia mbinu za kujikinga: huinamisha kichwa, hunyamaza, hushika kikombe kwa mikono miwili kisitetemeke, husema ameshiba. Mbinu hizo humpa nafuu ya papo hapo, lakini humnyima nafasi ya kugundua kwamba hata bila hizo lisingetokea baya lolote. Tena wakati wote huo jicho lake la ndani humtazama yeye mwenyewe, akijiona jinsi anavyodhani wengine wanamwona: mwekundu wa uso, mwenye kutetemeka, mwenye kuchekesha. Picha hiyo huichukua kuwa kweli.

Sasa fikiria mbinu hiyo ya "nimeshiba" ikihama kutoka harusini kwenda bwalo la shule, kutoka bwalo kwenda mezani nyumbani. Miezi inapita, mwili unapungua. Kisha siku moja mtu anamwambia amependeza. Kwa binti aliyeishi akisubiri kuchekwa, sifa hiyo si jambo dogo. Kwa mara ya kwanza macho ya watu yamemletea kitu kingine kisichokuwa hofu, na amekipata kwa kutokula. Kuanzia hapo kujinyima kunampa faida mbili, kunamkinga na hukumu na kunamletea sifa. Kumwambia "kula tu" ni kumwomba avue ngao na medali kwa pamoja.

Kipi hutangulia

Mfano peke yake hauthibitishi kitu, kwa hiyo tuangalie takwimu. Mwaka 2004 jarida la chama cha madaktari wa akili wa Marekani lilichapisha utafiti ulioongozwa na Walter Kaye, uliohusisha watu 672 wenye anoreksia, bulimia, au waliopitia yote mawili. Karibu theluthi mbili yao walikuwa wamewahi kuwa na angalau ugonjwa mmoja wa hofu na wasiwasi maishani. Asilimia 41 walikuwa na ugonjwa wa mawazo na matendo ya kujirudiarudia, na asilimia 20, yaani mmoja kati ya watano, walikuwa na hofu ya kijamii. Jambo lenye uzito zaidi ni mfuatano wa mambo: wengi walieleza kuwa hofu hiyo iliwaanza utotoni, kabla ya tatizo la ulaji.

Umri nao unasema hivyo hivyo. Nchini Marekani nusu ya wenye hofu ya kijamii huwa wameshaanza kuipata kufikia miaka 13, na robo tatu huianza kati ya miaka 8 na 15. Anoreksia na bulimia kwa kawaida huja baadaye, mwishoni mwa ujana, miaka ya 18 hivi. Kati ya hapo kuna miaka kadhaa ambayo mtoto anaweza kuonekana na kusaidiwa. Kwa bahati mbaya ni miaka ambayo sisi wakubwa huiona hofu yake kuwa adabu. Anaitwa mtulivu, hana makuu, hasumbui. Mwalimu humsifu kwa wazazi. Hakuna anayeuliza kwa nini hajawahi kuonekana bwaloni.

Watafiti wengine wamejaribu kuchambua hofu hiyo vipande vipande. Mwaka 2012 Cheri Levinson na Thomas Rodebaugh, wakiwachunguza wanafunzi wa kike wa chuo kikuu Marekani, walitenganisha hofu mbili. Ya kwanza ni hofu ya kuhukumiwa vibaya kwa jumla: kwamba watu watakuona mjinga, wa ajabu, usiyefaa. Ya pili ni hofu ya kuhukumiwa kwa umbo: kwamba watatazama mwili wako waukatae. Hofu ya kwanza ilifungamana na tamaa ya kukonda na kujinyima chakula. Ya pili ilifungamana na kuchukia mwili na dalili za bulimia. Hofu hizi ni ndugu, ila hazifanyi kazi moja, na mganga anayetaka kumsaidia mgonjwa lazima ajue anapambana na ipi.

Si kila mwenye haya atapata tatizo la ulaji. Walio wengi hawatapata. Wala si kila mwenye tatizo la ulaji anaogopa watu. Urithi wa kijeni, mitindo ya kujinyima chakula ili kukonda, ukatili wa utotoni na tabia ya kutaka kila kitu kiwe kamili, vyote vina mchango. Lakini pale hofu ya watu inapokuwepo, hukaa katikati ya tatizo.

Mwenye haya aliyetazamwa na dunia

Mgonjwa wa bulimia anayejulikana kuliko wote alikuwa msichana wa miaka 19 alipochumbiwa na mrithi wa kiti cha ufalme wa Uingereza, Februari 1981. Magazeti ya London yalimbatiza jina la "Di mwenye haya" kwa jinsi alivyoinamisha kichwa na kutazama watu kwa chini. Hakuna daktari aliyetangaza kwamba Diana alikuwa na hofu ya kijamii, na si kazi ya mwandishi kumpa marehemu ugonjwa. Lakini aliyoyasimulia mwenyewe yanaonyesha jinsi macho ya watu na chakula vinavyoweza kufungwa fundo moja.

Katika kanda alizomrekodia mwandishi Andrew Morton, Diana alisema bulimia ilimwanza wiki moja tu baada ya uchumba, kufuatia neno dogo lililosemwa kuhusu kiuno chake. Mwaka 1995, katika mahojiano ya runinga ya BBC, alieleza namna siku zake zilivyokwenda: mchana kutwa akiwafariji wagonjwa na wafiwa mbele ya kamera, jioni akirudi nyumbani akiwa hana kitu ndani yake, asijue kujifariji, akakimbilia friji. Chakula kilimtuliza kwa muda mfupi kama mtu aliyekumbatiwa, kisha likaja chukizo, kisha kujitapisha. Na alieleza kwa nini ni rahisi kuuficha: mwenye bulimia uzito wake unaweza usibadilike, basi hana cha kumfichua.

Kusema kwake huenda kulikuwa na matunda. Watafiti waliopitia kumbukumbu za madaktari wa familia nchini Uingereza, katika kazi iliyochapishwa 2005, waliona kuwa visa vipya vya bulimia vilivyotambuliwa vilipanda hadi kilele mwaka 1996, kisha vikashuka. Waliona kilele hicho kinaangukia wakati ambao habari za Diana zilikuwa midomoni mwa watu, na inawezekana wengi walipata ujasiri wa kwenda kwa daktari. Huenda aibu iliyowafungia ndani ililegezwa na mtu mmoja aliyekubali kusema hadharani.

Mwili unavyolipa

Magonjwa makubwa ya ulaji ni matatu, na hofu ya watu huonekana katika yote. Anoreksia ni kujinyima hadi mwili unadhoofika huku mgonjwa akiendelea kuogopa kunenepa. William Gull wa London ndiye aliyeipa jina mwaka 1873. Bulimia ni kula kwa pupa chakula kingi kwa muda mfupi, kisha kujitapisha, kutumia dawa za kuharisha au kufanya mazoezi ya kupindukia. Gerald Russell, naye wa London, aliieleza rasmi mwaka 1979 kutokana na wagonjwa 30. Ya tatu ni kula kwa pupa bila kujitapisha, ambayo imetambuliwa kama ugonjwa unaojitegemea katika mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani tangu 2013.

Hii ya tatu ndiyo inayowapata watu wengi zaidi. Uchunguzi wa nchi nzima uliochapishwa Marekani mwaka 2007 ulikuta asilimia 3.5 ya wanawake na asilimia 2 ya wanaume wamewahi kuipata, wakati anoreksia ilikuwa asilimia 0.9 kwa wanawake na 0.3 kwa wanaume. Kwa hiyo mgonjwa wa ulaji tunayepaswa kumfikiria si msichana aliyekonda peke yake. Anaweza kuwa baba mnene anayekataa chakula ofisini kwa kuogopa kuitwa mlafi, akala usiku jikoni taa zikiwa zimezimwa, akalala na majuto. Dunia inamcheka mchana kwa mwili wake, naye anajificha zaidi, na kadiri anavyojificha ndivyo chakula kinavyobaki kuwa rafiki pekee.

Madhara yake ni makubwa. Kujitapisha hushusha potasiamu mwilini, na potasiamu ikishuka moyo hupoteza mpangilio wa mapigo yake. Asidi ya tumbo hula meno, mashavu huvimba, ngozi ya vifundo vya vidole huota sugu. Anoreksia husimamisha hedhi na kudhoofisha mifupa. Uchambuzi wa tafiti 36 uliochapishwa 2011 ulionyesha kuwa wenye anoreksia hufa kwa kiwango cha zaidi ya mara tano ya wenzao wa rika lao, na kati ya kila vifo vitano, kimoja kilikuwa cha kujiua. Mwanamuziki wa Marekani Karen Carpenter alikufa Februari 1983 akiwa na miaka 32, moyo wake ukiwa umechoshwa na anoreksia.

Njaa nayo hufukuza watu

Kuna jambo linalofanya uhusiano wa hofu na matatizo ya ulaji uwe mgumu zaidi kuuvunja: hofu huleta njaa, na njaa huzidisha hofu. Hilo tunalijua kutokana na jaribio lililofanyika wakati Vita vya Pili vya Dunia vinaelekea ukingoni.

Novemba 1944 Ancel Keys wa Chuo Kikuu cha Minnesota aliwakusanya wanaume 36 katika maabara yake, chini ya majukwaa ya uwanja wa mpira. Walikuwa vijana waliokataa kubeba silaha kwa imani zao, wakajitolea kuteseka kwa njia nyingine ili madaktari wajue namna ya kuwalisha watu wa Ulaya waliokumbwa na njaa. Walichaguliwa kwa afya ya mwili, kwa akili tulivu na kwa uwezo wa kuelewana na wenzao. Kwa miezi sita chakula chao kilipunguzwa hadi kiasi cha nusu: mkate, viazi, kabichi, tambi, huku wakitakiwa kutembea maili 22 kila wiki. Walipoteza karibu robo ya uzito wao.

Kilichowapata vichwani kilikuwa cha kushangaza kuliko kilichowapata mwilini. Vijana waliokuwa wacheshi waliacha mzaha. Wachumba hawakuwavutia tena. Walijitenga, wakawa wepesi wa hasira, wakashindwa kukaa na watu. Baadhi walianza kukusanya vitabu vya mapishi na kuvisoma usiku. Walikula taratibu mno, wakichanganya na kuchezea chakula, wakirefusha mlo mdogo kwa saa nzima au mbili, na mwisho wakaramba sahani. Keys na wenzake walichapisha matokeo hayo mwaka 1950 katika vitabu viwili vikubwa, na hadi leo wanaotibu anoreksia huyatumia kuwaeleza wazazi jambo moja la muhimu: sehemu ya tabia unazoziona kwa mwanao ni kazi ya njaa yenyewe. Angejitenga hivyo hivyo hata kama hakuwa na hofu tangu mwanzo.

Sasa mrudie kijana ambaye hofu alikuwa nayo kabla. Anajinyima ili akwepe watu, njaa inampunguzia hamu ya watu, upweke unampa nafasi ya kujinyima zaidi bila kuonekana. Marafiki wanachoka kumwalika. Hofu iliyomwambia kuwa watu hawamtaki sasa inaonekana kusema kweli.

Huku kwetu

Kwa muda mrefu ilidhaniwa kuwa magonjwa haya hayatuhusu. Mwaka 2004 Frank Njenga na mwenzake waliwauliza madaktari wa akili wa Kenya kuhusu anoreksia, na visa vilivyotajwa vilikuwa vichache mno. Sababu za uchache huo si ngumu kuzielewa. Mwili ulionawiri kwetu ulikuwa, na kwa wengi bado ni, dalili ya heri. Na tangu miaka ya 1980, Ukimwi ulipoitwa "slim" nchini Uganda, kukonda kuliogopewa. Aliyepungua alinong'onwa.

Lakini uchache wa visa hospitalini si ushahidi kwamba mateso hayapo. Mwaka huo huo wa 2004 watafiti walichapisha walichokikuta kwa wanafunzi 668 wa kike wa shule za sekondari kaskazini mashariki mwa Ghana. Kumi kati yao walikuwa wamekonda kwa kujinyima chakula wenyewe, na hawakuzungumzia urembo wala hofu ya unene. Walizungumzia kujitawala nafsi na dini. Mwaka 2007 Kamryn Eddy na wenzake walichapisha utafiti uliohusu wanawake na wasichana 214 wa Tanzania, wakaonyesha kuwa mawazo na tabia za matatizo ya ulaji zipo, na zinahusiana na kukutana na vyombo vya habari vya nje.

Jinsi hali inavyoweza kugeuka haraka, Fiji ni fundisho. Huko pia miili minene ilipendwa, na mtu kupungua kulizua maswali kwa jamii nzima. Runinga iliingia jimbo la Nadroga mwaka 1995. Anne Becker wa Harvard aliwapima wasichana wa shule mwaka huo, akarudi kupima wengine mwaka 1998. Waliopata alama za hatari katika dodoso la ulaji waliongezeka kutoka asilimia 12.7 hadi 29.2. Waliojitapisha ili kupunguza uzito, mwaka 1995 hakukuwa na hata mmoja. Miaka mitatu baadaye walikuwa asilimia 11.3. Hiyo ilikuwa runinga ya sebuleni. Vijana wetu leo wanatembea na simu yenye kamera, na kila picha wanayoiweka mtandaoni inangoja maoni.

Tuna pia desturi zetu zinazotia chumvi kidonda. Mwili wa mtu kwetu ni sehemu ya salamu. "Shikamoo" haijaitikiwa vizuri, tayari yameshatoka: "Mbona umekwisha hivyo?" "Umejazia siku hizi!" Shuleni mnene anaitwa Bonge, mwembamba anaitwa Kimbaumbau, na majina hayo yanamfuata mtu hadi ukubwani. Wengi hayatuumizi. Lakini kwa mtoto ambaye tayari anaamini kuwa kila jicho linampima, neno hilo ni uthibitisho.

Na ipo saumu. Kufunga ni ibada tukufu kwa Waislamu na Wakristo, na hakuna ubaya ndani yake. Ila mwenye tatizo la ulaji anaweza kujificha humo, akarefusha mfungo wa maombi au akafunga sunna mfululizo huku moyo wake hauko kwenye ibada. Mzazi anayeona saumu zinaongezeka huku mwana anakonda na kukwepa futari ya pamoja ana haki ya kuuliza. Qurani yenyewe imemruhusu mgonjwa asifunge, na shehe au mchungaji mwenye busara anaweza kuwa msaada mkubwa kuliko anavyofikiri, kwa kumwambia kijana kwamba kula kwake ni utii.

Tiba hupita mezani

Matatizo haya yanatibika, hilo lisisitizwe. Tiba ya mazungumzo aliyoiandaa Christopher Fairburn wa Oxford kwa ajili ya matatizo ya ulaji huchukua vikao 20 hivi katika wiki 20 kwa mgonjwa ambaye hajadhoofika sana. Moja ya hatua zake za kwanza ni nyepesi kuitamka: kula kwa ratiba, milo mitatu na vitafunio viwili au vitatu, bila kupitisha muda wa saa nne hivi kati ya mlo na mlo. Tumbo lisiloachwa tupu halisukumi mtu kwenye pupa. Kwa vijana wenye anoreksia, tiba iliyoanzia Hospitali ya Maudsley ya London huwakabidhi wazazi jukumu la kumlisha mtoto, bila lawama kwa yeyote, mpaka apate nguvu ya kujisimamia.

Lakini kama hofu ya watu ipo, lazima nayo ipangiwe kazi. Njia inayotumika ni kuikabili ngazi kwa ngazi. Binti wa mfano wetu angeanza na chai na maandazi pamoja na dada yake sebuleni. Ikizoeleka, anakula chipsi kibandani na rafiki mmoja. Halafu bwalo la shule, meza ya pembeni. Kisha meza ya katikati. Kabla ya kila hatua anaandika anachokiogopa: "Mkono utatetemeka, wote watanitazama, watacheka." Baada ya mlo anaandika kilichotokea. Katika hatua za juu mtaalamu anaweza kumwomba aangushe wali mezani kwa makusudi, ainue macho, ahesabu ni wangapi waliogeuka. Huku anajifunza kupeleka akili kwenye mazungumzo na ladha ya chakula badala ya kujitazama mwenyewe. Daftari likijaa, ushahidi unaipita hofu kwa mbali.

Dawa zina nafasi yake. Fluoxetine imeidhinishwa Marekani kwa bulimia, na dawa za jamii yake hutumika kutibu hofu ya kijamii. Lakini ni daktari wa kuziandika, si jirani. Tahadhari moja zaidi kwa familia: aliyedhoofika sana asishindiliwe chakula kingi ghafla kwa furaha kwamba amekubali kula. Fosfati na potasiamu zinaweza kuporomoka kwenye damu na kumuua, kama ilivyowapata baadhi ya wafungwa walioachiwa baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Anza hospitalini. Mwenye kuzimia, mapigo ya moyo kwenda ovyo, kutapika damu au kusema anataka kufa asisubiri kesho.

Pa kuanzia papo: Muhimbili na Mirembe kwa Tanzania Bara, Kidongo Chekundu Zanzibar, Mathari Nairobi, Butabika Kampala, na hospitali za rufaa zenye kitengo cha afya ya akili. Mficha maradhi kifo humuumbua, na haya ni maradhi yanayoishi kwa kufichwa.

Maswali mawili

Nina ombi kwa madaktari na wauguzi. Akija kijana aliyekonda bila sababu, baada ya vipimo vya kifua kikuu, VVU na kisukari kutoka safi, msimwambie tu akale vizuri. Mwulizeni mkiwa naye faraghani: "Huwa unaogopa kula watu wakikuona?" Na akija kijana mwenye hofu ya watu, mwulizeni pia anakula nini, wapi, na baada ya kula anafanya nini. Maswali haya mawili hayahitaji mashine wala bajeti, na hakuna linalokamilika bila mwenzake.

Walimu wa zamu wanaweza kujua kwa wiki moja ni mwanafunzi gani haonekani bwaloni. Wamfuate kwa upole, si kwa fimbo wala mbele ya wenzake. Na sisi wengine tuna la kufanya leo hii, kwenye mlo wa kwanza tutakaokaa na watoto wetu: tuulizane habari za masomo, za safari, za mpira, za ndoto ya jana, na miili ya watu tuiache isizungumzwe. Mtoto anayekula bila kupimwa hujifunza mapema kuwa meza ni mahali pa kukaa na watu. Akija kuikuta hofu baadaye, atakuwa na pa kurudi.